Stoo Yenye Bafu

Niliapa uongo kwa jina la Mwenyezi Mungu. Niliapa mchana kweupe, nimekaa kwenye mkeka wa watu, fura yao, uji wao wa mtama na maziwa, bado iko mdomoni. Naanza na hilo ili ujue unamsikiliza mtu wa namna gani, na kwa sababu yote yaliyofuata yaliingilia hapo.

Jina langu ni Lawwali, mchoraji wa ramani za nyumba hapa Katsina. Shule sikufika mbali. Kuchora nilifundishwa na mjomba wangu, Mungu amrehemu. Miaka miwili iliyopita alinijia Alhaji Tanimu, mfanyabiashara wa ngozi. Alitaka nyumba ya familia. Kiwanja kilikuwa cha mkewe, Hajiya Yelwa, alichorithi kwa baba yake. Alikubali nyumba ijengwe pale kwa sharti moja tu, alilolisema mbele ya Shangazi Delu, shangazi yake Tanimu aliyewalea wote wawili: asifichwe kitu chochote ndani ya nyumba itakayosimama juu ya udongo wa baba yake.

Kwa hiyo ramani tuliichora pamoja. Mimi nilikaa zaure, pale mwanamume mgeni anapoishia, Shangazi Delu akikaa kati yetu na kisu chake cha kukatia bamia, na Hajiya nyuma ya pazia. Karatasi ilipita chini ya pazia, ikarudi na alama za penseli. Sikuwahi kuuona uso wake. Niliona vidole vyenye hina tu, na kila alichokirekebisha kilikuwa na akili. Jiko alilihamisha ili moshi usiende chumba cha Shangazi. Choo nilichokielekeza Kibla bila kufikiri, alikigeuza.

"Mchoraji, wewe unasali kweli?" aliniuliza.

"Nasali, Hajiya. Ni kalamu tu haijasilimu."

Shangazi Delu alicheka mpaka bamia zikamwagika.

Wiki ya tatu Tanimu alinifuata kibandani kwangu peke yake. Kulikuwa na binti wa mji wa Kankiya wa kumwoa mke wa pili, wazee walishakubaliana. Alitaka niongeze chumba, ukuta kwa ukuta na chumba cha Yelwa, niandike stoo.

"Hajiya ameambiwa?" niliuliza.

"Nitamwambia nyumba ikiisha. Sasa atagoma, kiwanja ni chake. Lakini sikiliza, Lawwali, vipimo viwe sawasawa. Chumba chake futi kumi na nne kwa kumi na mbili, na hiki hivyo hivyo. Sitaki kuulizwa siku ya Kiyama kwamba sikufanya uadilifu baina ya wake."

Ndugu yangu, alimwogopa Mungu kwenye futi, hakumwogopa kwenye ulimi. Nami nikachora.

Karatasi ilipita chini ya pazia. Ikakaa huko muda mrefu.

"Malam Lawwali," Hajiya alisema, "hii stoo ina bafu?"

"Ndiyo, Hajiya."

"Tangu lini magunia ya mtama yakaoga?"

Shangazi aliacha kukata bamia. Nilisema kitu kuhusu wageni, kuhusu baadaye, watoto wakikua.

"Ina madirisha mawili kama changu. Upana wangu, urefu wangu. Niambie kama ndugu. Chumba hiki ni cha nani?"

"Wallahi, Hajiya," nilisema, "chumba hiki hakina mwenyewe."

Kisha alisema, kwa sauti iliyotulia kabisa, "Basi. Umeapa," na karatasi ikarudi bila alama hata moja.

Walihamia majira ya vumbi, anga limekuwa jeupe na jua kama sahani ya bati. Stoo ilifungwa, ufunguo ukakaa mfukoni kwa Tanimu, na harusi ya Kankiya ikasogezwa mwezi baada ya mwezi kwa sababu bado hakuwa amepata ujasiri wa kusema. Yaliyotokea humo ndani nilisimuliwa na Shangazi Delu, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Kwanza ilikuwa harufu. Asubuhi moja Hajiya alisikia udi mzuri, ule wa kufukizia nguo za bibi harusi. Akadhani ni Shangazi.

"Mimi? Nimfukizie nani, mwanangu? Panya?"

Walifuata harufu hiyo hadi mlango wa stoo. Sakafu mbele ya mlango ilikuwa imefagiliwa, mistari ya ufagio ikionekana vizuri kwenye vumbi, na mistari hiyo ilitoka ndani kuja nje. Siku ya tatu ilikuwa mlio wa bangili. Siku ya nane ilikuwa maji, kata baada ya kata yakimwagika juu ya mwili wa mtu asiye na haraka, katika bafu ambalo bomba lake halikuwa limeunganishwa bado.

"Kuna mtu anaoga," Shangazi alinong'ona.

"Namsikia," Hajiya alisema. Hakuwa na hofu ya jini wakati ule. Hofu yake ilikuwa nyingine. "Ameshamleta, Shangazi. Amemwoa kimya kimya akamficha ukutani kwangu. Na wewe ulijua?"

"Sikujua, naapa."

"Usiape. Katika nyumba hii msiape tena."

Ijumaa, wanaume wakiwa wameelekea msikitini na mtaa mzima umenyamaza, Hajiya Yelwa alijifunga mtandio, akaenda kusimama mbele ya mlango ule, na Shangazi nyuma yake ameshika ncha ya nguo yake kama mtoto, na akatoa salamu kwa adabu, kama mwanamke anavyomsalimu mke mwenzake atakayekula naye sahani moja miaka yote iliyobaki, akangoja, na ndani maji yakaacha kumwagika, na nyayo zenye maji zikaja taratibu hadi upande wa pili wa mbao, karibu kiasi kwamba walisikia mtu akivuta pumzi, na salamu haikujibiwa, bali sauti ya Hajiya mwenyewe, sauti yake hasa na kikohozi chake kidogo cha vumbi, ilisema:

"Tanimu amekwenda wapi?"

Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Hata akiwa na hasira, hata akiwa na homa hajitambui, atasema mwenye nyumba, atasema baba wa watoto. Miaka kumi na tisa ya ndoa jina hilo halikuwahi kutoka katika kinywa cha Yelwa. Kusikia sauti yake ikilitamka hivyo, uchi, kuliwaambia wote wawili kwamba aliye ndani hakulelewa na mama yeyote wa Kihausa, wala na mama yeyote.

Hajiya aliniita siku ile ile. Nilimkuta Tanimu ameketi zaure amevimba kwa hasira, amerudi kutoka msikitini na Malam Inuwa, msomaji wetu wa Kurani.

"Mchoraji," Hajiya alisema nyuma ya pazia, "uliniapia. Fungueni tuone kisicho na mwenyewe."

Tuliingia ndani, Hajiya amejifunika uso, na Tanimu akafungua. Chumba kilikuwa kitupu. Vumbi jembamba limetanda sakafu nzima, na katika vumbi hilo, ukuta hadi ukuta, kulikuwa na alama za duara zilizopangwa safu kwa safu, kubwa na ndogo, kama mabakuli yanavyopangwa kwenye chumba cha bibi harusi siku ndugu zake wanapokuja kukipamba. Bakuli hata moja hakuna. Bafu lilikuwa limelowa. Mimi, kwa kuwa sikujua mikono yangu niipeleke wapi, nilitoa tepu nikapima. Futi kumi na tano. Nikapima tena. Nikaomba ruhusa, Hajiya akapisha, nikapima chumba chake upande wa pili wa ukuta. Kumi na tatu.

Ukuta haukuwa na ufa. Plasta ilikuwa ile ile, na alama ya mwiko wa fundi niliyoijua.

Malam Inuwa alisoma Ayatul Kursi hadi sauti ikakauka. Kisha akatugeukia.

"Kuna kiumbe kilikuwa kinatafuta pa kukaa. Kikasikia mtu anaapa kwa jina la Mungu, mbele ya mashahidi, kwamba chumba hakina mwenyewe. Kimeingia kwa kiapo hicho. Kusoma peke yake hakutakitoa. Aliyeapa akane kiapo chake. Aliyeapisha aseme chumba kilikuwa cha nani. Hapa, mlangoni, mke asikie."

Nilipiga magoti. Nilisema niliapa uongo, nikijua. Katika madhehebu yetu ya Maliki kiapo cha namna hiyo hata kafara hakina, kufunga hakukifuti. Ni toba tu, na msamaha wa uliyemdhulumu. Nilipomaliza nilisikia ndani bangili zikisogea nyuma hatua moja. Wallahi nilizisikia. Samahani, nimeapa tena. Niseme tu nilizisikia.

"Sasa wewe, Alhaji," Malam alisema.

Sote tulimtazama. Neno moja tu la kweli lingetosha.

Tanimu alinyoosha kidole. "Huyu mchoraji ndiye alinishauri nijenge stoo. Mimi nilitaka pa kuwekea ngozi."

Bangili zikarudi mlangoni.

"Hata sasa?" Hajiya aliuliza. Hakupaza sauti. "Hata na hiki kimesimama hapo, bado unanidanganya mimi?"

Kabla ya Magharibi alikuwa amefunga mizigo. Alichukua watoto na Shangazi Delu, akaenda Daura kwa kaka zake, akaiacha ardhi ya baba yake. Watu wa Kankiya waliposikia, walivunja uchumba.

Hiyo ni miezi minane iliyopita. Wiki iliyopita Tanimu alikuja kwangu amekonda, nguo zake zikinukia udi. Msikitini haji tena. Alitaka nimchoree ramani mpya, ile ile, lakini bila stoo, ili aipeleke Daura kaka zake Yelwa waone kwamba chumba kimebomolewa.

"Umekibomoa?" nilimuuliza.

"Chora tu, Lawwali. Kwani ni mara yako ya kwanza?"

Nilikataa. Nilikwenda naye hadi kwake, nikapima. Chumba cha Yelwa sasa ni futi tisa, na kitanda chake kimebanwa kimesimama wima, kama mtu aliyesukumwa ukutani. Nilipokuwa nimeinama nikisoma tepu, upande wa pili, mdomo umegusa plasta kabisa, ile sauti ya Yelwa iliuliza kwa upole:

"Tanimu, mke mwenzangu anarudi lini?"

Na yeye, pale mlangoni, mikono nyuma, alijibu kama mume yeyote.

"Karibuni. Ramani nimeshaitafutia mchoraji mwingine."

Imeshapelekwa. Mchoraji huyo alinionyesha nakala: ni safi, haina stoo, imepigwa rangi. Mimi nikienda Daura Hajiya hataniamini, na ana haki. Aliponiuliza kuhusu chumba, nilimdanganya kwa jina la Mungu. Wewe hujawahi kumdanganya. Unapita Daura kesho. Mtafute Hajiya Yelwa kwa kaka zake, toa salamu, ngoja mpaka ajibu, halafu mwambie asirudi.