Shukrani kwa Mwanamke wa Kiti cha Nne

Kiti cha nne kilikuwa kimelowa. Aurelia Mbunda alikiona alipoinuka kuondoka kwenye chumba cha usaili, katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa mjini Mbinga. Maji yalidondoka taratibu sakafuni, na nje hapakuwa na mvua. Mwanamke aliyekikalia alimtazama kwa upole.

Wanaume watatu ndio waliomuuliza habari za stoo na unyevu wa kahawa. Mwanamke alinyamaza mpaka Aurelia alipokwama kwenye swali la mizani. Hapo akauliza kwa sauti ndogo, "Umemwacha nani nyumbani?"

"Binti yangu, Lidia. Yuko Mbaha kwa bibi yake."

"Anapenda maji?"

"Sana," Aurelia akasema, akatabasamu. Hofu ikamtoka, na maswali yaliyobaki akayajibu vizuri.

Kesho yake alishuka Mbaha, kijijini kwao kando ya ziwa. Lidia alimlaki barabarani, akapewa andazi. Kabla ya kulishika alikunja magoti na kupiga makofi mawili ya taratibu, kama watoto wa ufukweni wanavyofundishwa kushukuru.

Binamu yake Aurelia, Wendelin, aliyesoma chuo Mbeya, alikuwa amekaa barazani.

"Dada, siku hizi ukitoka kwenye usaili unaandika kushukuru. Wenzako watanyamaza, wewe utakumbukwa."

"Nitakumbukwa kwa kujipendekeza."

"Kujipendekeza nako ni kazi. Andika."

Aliandika kwenye simu, akawataja wale watatu kwa majina yao. "Yule mama simjui jina," akasema.

"Andika mama wa kiti cha nne. Atajijua."

Mama yake Aurelia, Bi Tadea, alikuwa akianika usipa, dagaa wa ziwani. Mikono yake ikasimama.

"Ni wa ukoo gani?"

"Sikumuuliza, mama. Alinisaidia tu nilipokwama."

"Basi mwache. Mtu akikupa kitu nawe hujui ukoo wake, hupigi makofi. Ukishukuru, umepokea. Ukipokea, naye atakuja kupokea."

"Mama, ile ni ofisi."

Akautuma ujumbe.

Alasiri chumba chake pale nyumbani kilianza kunuka tope, lile tope baridi la chini kabisa ya ziwa ambalo nyavu huja nalo mara chache. Aurelia alifungua dirisha. Harufu haikutoka. Simu ikalia, ujumbe wa karani wa ofisi: amepata kazi. Alikuwa bado anacheka ulipoingia ujumbe wa pili kutoka kwa karani yule yule.

"Mama wa kiti cha nne ni nani? Usaili wako ulikuwa na watu watatu."

Alitoka mbio bila viatu, akapita kwenye chanja za usipa na kuziangusha, akimwita Lidia kwa jina lake lote la ubatizo, na kila alipoita alisikia mbele yake, upande wa maji, makofi mawili ya taratibu, kisha kimya, kisha mawili tena, mbali zaidi, mpaka alipofika ufukweni na kumkuta Bi Tadea amesimama na sufuria mkononi, akitazama maji yaliyotulia kama hayajawahi kuguswa.

"Alikuwa hapa," Bi Tadea akanong'ona. "Nilikuwa nasugua sufuria. Nikamsikia anashukuru. Nikadhani ni mtu wa jirani kampa kitu."

Mitumbwi ilitafuta hadi Liuli. Mganga kutoka Chiwanda alifukiza ufukwe mzima, akauliza jina la aliyekuja kupokea, na hakuna aliyeweza kumtajia. Akakunja vitu vyake. "Nisiyemjua jina simwezi," alisema, na hakudai chochote. Padre alisoma misa bila jeneza. Wendelin hakuingia, alikaa nyuma ya kanisa, kofia mkononi.

Aurelia aliichukua ile kazi. Watu walimsema. Yeye alitaka tu kukaa mahali ambapo ziwa halisikiki.

Ni mfanyakazi mzuri, na mizani haimpi shida tena. Ila jioni, wenzake wakishatoka, kiti kilicho mbele ya meza yake huanza kudondosha maji, na sauti ile ya upole humuuliza, "Umemwacha nani nyumbani?"

"Sijamwacha mtu," Aurelia hujibu.

Kisha huchukua andazi alilolinunua asubuhi, huliweka kwenye kiti kilicholowa, na hungoja makofi mawili madogo.

Huyapata kila siku.