Mzigo wa Saa Tisa

Mkasa huu ulimpata fundi umeme wa mtaa wetu, mtu wa masihara. Jumanne moja mchana mama yake alimpigia simu: kila siku saa tisa alasiri inveta ya nyumbani, ile ya kutoa umeme wa betri, inalia, betri zinashuka ghafla.

"Mama, umechomeka pasi tena."

"Njoo uone mwenyewe, mwanangu."

Alikuta betri zote mbili zimeshiba, volti ishirini na tano. Akakaza nati, akasugua kutu, akachomoa friji, televisheni, hata chaja ya simu. Kisha akazima umeme wa nje, nyumba ibaki na betri tu, akaketi kusubiri, akiikwepa kwa macho betri ya kushoto.

Mwaka jana, baba yake alipoanza kupumua kwa mashine, fundi alileta betri moja mpya. Ya pili, hiyo ya kushoto, ilikuwa kuukuu, aliing'oa kwa mteja akaipaka rangi nyeusi ionekane mpya, akijiambia ataibadilisha wiki ijayo. Kabla ya hiyo wiki umeme ulikatika, saa tisa, mama akiwa nje anaanua nguo. Ile kuukuu ikaivuta mwenzake chini, mashine ikazima. Mama aliporudi ndani, baba alikuwa ameshakata roho. Siri hiyo ilimla fundi mwaka mzima.

Saa tisa ikatimia. Volti zikaanza kushuka: ishirini na nne. Ishirini na tatu.

Akabana mita ya kupimia umeme kwenye waya uendao chumbani kwa baba. Umeme ulikuwa unapita, mzigo uleule uliokuwa ukivutwa na mashine ya baba. Akaingia. Kitanda kitupu. Mashine ilirudishwa hospitali tangu msiba. Akaigusa soketi tupu. Ilikuwa ya moto.

Akarudi kwenye betri: volti ishirini na moja. Inveta ikalia. Akanyoosha mkono kwenye swichi yake, mama akaudaka.

"Usimzimie," alinong'ona. "Sikukuita uukate umeme. Niongezee betri."

"Mama, ile betri ya kushoto..."

"Najua. Siku ulipoileta, baba yako aliishika, rangi ikamganda vidoleni. Akaniambia nisikuulize, utaona haya."

Fundi alikaa sakafuni akalia kama mtoto.

Kesho yake alifunga betri mbili mpya kabisa. Saa tisa ule mzigo ukaingia, ukadumu hadi magharibi, kisha ukaachia taratibu. Haukurudi tena.

Alipoinama kufunga kifuniko cha sanduku la betri, aliona juu ya betri mpya alama za vidole vitatu, za rangi nyeusi, mbichi. Mpaka leo rangi hiyo haijakauka.