Busu la Mtawa wa Kanivali

Chumba cha nyuma cha baa kilinuka bia ya jana. Walikuwa watatu: Winand, mwenye baa; Gereon, fundi wa kufuli aliyekwisha fungwa mara mbili; na Traudel, mke wa Gereon, aliyeapa kwamba kifungo cha tatu asingekingoja.

Winand alieleza mpango kwa sauti ya chini. Alhamisi ya kanivali, sherehe ya mavazi ya kuigiza kabla ya Kwaresima, wanawake wa Köln, Ujerumani, hukata tai za wanaume na kuwafidia kwa busu. Traudel, katika mavazi ya mtawa, angeshughulika na walinzi wa makumbusho yaliyokuwa zamani kanisa. Gereon angefungua kabati la kioo pale ilipokuwa madhabahu. Winand angeipokea sanamu ya Bikira Maria, ya pembe ya ndovu, na kutangulia kutoka.

"Na mimi nitatokaje?" Gereon aliuliza.

"Wewe unatoka mwisho, kama bwana harusi."

"Vaa tai, mzee wangu," Traudel alisema. "Shingo tupu siku hiyo itakuumbua."

Alhamisi, saa tano na dakika kumi na moja. Mji ulilipuka kwa kelele. Ndani ya kanisa hilo la kale, lililoacha sala na kuanza kutoza kiingilio, wageni waliviinamia vibao vya maelezo kwa unyenyekevu ambao watakatifu wenyewe hawakuupata.

Traudel alikata tai ya mlinzi wa kwanza. Wa pili alijipeleka mwenyewe. Kufuli lilitii. Gereon aliitoa sanamu, akaitia ndani ya koti la Winand. Winand hakumtazama usoni, akatangulia kutoka.

Adhuhuri. Traudel alimngoja Gereon mlangoni. Mkasi ulilia. Kisha akambusu shavuni, taratibu, mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mumewe atoke jela. Gereon alifumba macho, akaona haya kama kijana. Alipoyafumbua, mtawa hakuwepo, na wanaume wawili waliovaa mavazi ya kichekesho walikuwa wamemkamata mikono. Walikuwa polisi.

Walimpekua, wasipate kitu. Wakataka majina ya wenzake. Gereon alimfikiria Traudel akikimbilia stesheni, akanyoosha mgongo.

"Nilikuwa peke yangu."

"Acha utani, mzee. Asubuhi mwanamke alitupigia simu. Alisema tumshike atakayebusiwa na mtawa mlangoni."

Polisi wa pili alicheka, kisha akaacha.

Gereon alirudia kwamba alikuwa peke yake. Wakaandika.