Hendeli ya Mzee Rochus

Asubuhi ile ya Septemba umande ulikuwa umeganda juu ya majani, lakini hendeli ya trekta, ile ya kuzungusha mbele ili injini iwake, ilikuwa na joto. Valentin Wangler aliishika, akaiachia, akaishika tena. Trekta lenyewe lilikuwa baridi tupu. Hendeli peke yake ilikuwa na joto la kiganja, kana kwamba kuna mtu aliyeiachia sasa hivi. Valentin akajifuta mkono kwenye suruali, akajiambia ni jua. Jua lipi, na lilikuwa halijachomoza?

Watu wa kule Dakota Kaskazini ni wabishi. Nimekaa nao miaka mingi, naweza kuwasema. Trekta lile la mwaka 1936, lenye magurudumu ya chuma yenye meno, Valentin aliachiwa na baba yake, Mzee Rochus. Kulima lilishaacha. Kazi yake ilikuwa moja tu kwa mwaka, Siku ya Kupura, parokia nzima inapokusanyika kupura ngano kwa mashine za wazee wao, kisha wanywe bia. Likinguruma, tu-tu, tu-tu, Valentin alimwona baba yake juu ya kile kiti cha bati, akiwasha kwa petroli, injini ikishapata moto anafungulia mafuta ya taa. Tena alimsikia akimfunza kupiga hendeli: vidole vyote upande mmoja, gumba lisiizunguke, maana injini ikirudisha teke mkono unavunjika. "Gumba ni mgeni," mzee alikuwa akisema. "Mgeni hashiki vya mwenye nyumba."

Wiki ile ikaja na harufu. Badala ya mafuta ya taa, bomba la moshi lilitoa harufu ya nta na udongo mbichi wa shimo. Eugenia, mkewe, aliisikia hadi jikoni. Alhamisi, mchana kweupe, injini imezimwa na hakuna mtu karibu, trekta likasogea likampanda mbwa wao. Lilimsaga polepole, na mbwa alilia mpaka meno ya gurudumu yalipofika kichwani. Eugenia akamsihi mumewe mwaka huu aliache. Valentin akasema uwanja una mteremko. Nchi yote ile ni tambarare kama meza, mteremko wa wapi!

Siku ya Kupura akaja Kasper, mdogo wake Valentin, mtu wa makelele na utani. Alimkuta kaka yake amesimama mbele ya trekta, hendeli haigusi.

"Kaka, umezeeka au umeogopa?"

"Ina joto, Kasper."

"Basi nipishe. Wewe nenda kamsaidie shemeji kumenya viazi."

Watu wakacheka. Kasper akainama, akashika hendeli kama walivyofunzwa, gumba pembeni, na Valentin aliyekuwa hatua mbili tu akaliona lile gumba linavutwa, linakunjwa taratibu kuizunguka hendeli, ngozi ikibonyea kana kwamba vidole vingine vyembamba vimelala juu yake, na Kasper akainua macho akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kanishika?", na kabla hajajibiwa injini ikapiga teke, hendeli ikarudi ikamvunja mkono pawili hadi mfupa ukatoboa shati, ikazunguka tena mkono ungali umenata, ikampasua taya, na alipoanguka trekta likaondoka lenyewe, tu-tu, tu-tu, likampanda kuanzia miguuni, bila haraka, wanaume kumi wakilivuta kwa nyuma na padri akipiga kelele, likapita magoti, likapita kiuno, likapita kifua. Lilipommaliza likazimika.

Walimzika Jumatatu. Misalaba ya makaburi yao ni ya chuma, kazi ya wahunzi wa zamani, na kila ncha ina ua. Wakati wa kutoka, Eugenia aliona msalaba mmoja umekatwa mikono, umebaki nguzo tu, na jina: Barbara Heck. Ua la juu lilikuwa na petali sita, moja imepinda. Ua hilo alilijua. Alikuwa ameliona kwenye mwisho wa hendeli kwa miaka ishirini.

Akaenda kwa Bibi Apollonia, anayeponya watu kwa dua na uzi mwekundu. Bibi alimsikiliza, akasema aliyokuwa akiyajua siku zote. Mwaka wa vita chuma kilikuwa hakipatikani, hendeli ya Rochus ikakatika katikati ya mavuno. Barbara alikuwa amekufa bila ndugu wa kulilinda kaburi lake. Rochus na mhunzi waliukata msalaba wake mikono watu wakiwa kanisani, wakafua hendeli mpya.

"Yule hatafuti roho za watu, mwanangu," Bibi akasema. "Anatafuta mikono yake. Mrudishieni, atalala."

Valentin akakataa. Bila ile hendeli trekta ni kopo, na baba atakuwa amekufa mara ya pili. Eugenia hakugombana naye. Alimshika mkono, akamgeuzia gumba lake mwenyewe juani. Lilikuwa na alama nne nyembamba, nyeusi.

"Shemeji nimemzika," akasema. "Wewe sikuziki."

Valentin akalia hapo hapo, mbele ya mkewe, kisha akaenda kuichukua.

Waliifukia saa sita mchana chini ya ule msalaba. Bibi Apollonia akapuliza mara tatu, kwa Majina Matatu, la Baba, la Mwana na la Roho, na ile harufu ya nta ikakatika. Valentin alirudi nyumbani mwepesi, akala bakuli mbili za supu ya madonge ya unga, akaingia chumbani kujinyoosha. Eugenia akabaki jikoni anaosha vyombo, akiimba kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Akasita, bakuli mkononi. Bibi alisema mikono. Msalaba una mikono miwili, nao wamerudisha mmoja.

Kwenye mlango wa chumba chao, upande wa korido, kulikuwa na komeo la chuma, zawadi ya Mzee Rochus siku ya harusi yao. Eugenia alikuwa akiling'arisha kila Jumamosi, petali zote sita. Alipofika kwenye korido liliinuka lenyewe, likaanguka mahali pake, likajifunga. Alilishika, akalivuta, halikuinuka. Lilikuwa na joto la kiganja.

"Vale, amka," akanong'ona. "Vale, mume wangu, toka humo."

Ndani kitanda kililia, kisha sauti ya Valentin, ndogo sana, ikauliza, "Genia, nani kanishika?"

Na nyuma ya mlango, bila haraka, ikaanza: tu-tu, tu-tu.