Lynette wa Wiki Sita

Harufu ya maziwa ndiyo iliyotangulia. Maziwa ya kupashwa moto, yenye uchachu wa chupa isiyooshwa vizuri, katika nyumba ambayo haikuwa na mtoto tangu Marian Dring mwenyewe alipoacha kunyonya. Marian alifungua jokofu, akanusa maziwa ya chai. Mazima. Akafungua dirisha la sebuleni, ukungu wa tambarare za Lincolnshire, Uingereza, ukaingia, lakini harufu haikutoka. Akajiambia ni mabomba. Watu wa kule wakikosa la kusema husingizia mabomba.

Mama yake, Bi Avis, miaka themanini na mitatu, alikuwa kwenye kiti chake. Miguu ilikwisha kumkataa zamani, akili bado ilikuwa wembe. Mikononi alishika shali lililokunjwa.

"Funga dirisha, Marian. Baridi hiyo."

"Unasikia baridi, Mama?"

"Mimi? Wala."

Marian akafunga. Alijua alichokifanya.

Huyu Marian alikuwa mwenyekiti wa chama cha watafiti wa nasaba pale kijijini Wexholme. Miaka na miaka alikuwa akijifungia katika chumba cha nyuma cha kanisa akisoma vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko. Mtu akiwa Australia akitaka kujua babu wa babu yake kalala wapi, anaulizwa Marian, na alilosema Marian halikaguliwi tena, linanakiliwa tu. Kisha akatema mate kwenye kichupa kama wenzake wote chamani, akayatuma kupimwa vinasaba. Majibu yakarudi na jina geni juu kabisa ya orodha: Corinne Haldane wa Hull, dada wa mzazi mmoja.

Ujumbe wake ulifuata. "Nilizaliwa mwaka 1959, nikabatizwa Lynette. Mama yangu hakuwa ameolewa. Walinichukua nikiwa na wiki sita. Sidai chochote. Nataka kumwona tu, kama bado yupo."

Neno moja lilitosha kumchoma: yupo. Marian alikuwa ameshauona ubatizo wa Lynette kitabuni, jina la mama likiwa Avis na pahali pa jina la baba pakiwa patupu, akaugeuza ukurasa haraka kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni. Lakini wivu ulimpanda. Nani aliyeacha kazi yake Leeds? Nani aliyefua shuka na kumwogesha Mama miaka yote hii? Leo mtu aje na mate yake ya kichupa kudai nusu ya mama! Akaandika: "Pole sana. Lynette wetu alifariki akiwa na hizo wiki sita, na amezikwa hapa kijijini; wewe utakuwa Lynette wa mama mwingine. Damu za vijiji vyetu zimechanganyika mno, kipimo hupotosha." Na katika mti wa ukoo, ule ambao dunia nzima huusoma mtandaoni, akajaza tarehe ya kifo chini ya jina la Lynette.

Corinne alijibu siku hiyohiyo. "Asante kwa kunitafutia." Marian hakula chakula cha jioni.

Pengine yangeishia hapo, kama si binamu Desmond wa Kanada. Desmond aliunakili mti ule bila kuuliza, kama wanavyofanya wote, akauchapisha mkubwa, akautia fremu, akamtumia Bi Avis kwa siku yake ya kuzaliwa. Bi Avis aliusoma taratibu kwa miwani na lenzi, tawi kwa tawi, mpaka akafika.

"Lynette alikufa?"

Marian hakuwahi hata siku moja kulisikia jina hilo kinywani mwa mama yake.

"Rekodi ndizo zinazosema hivyo, Mama."

"Mimi waliniambia kapata watu wema." Bi Avis aliiweka lenzi chini. "Kila Krismasi nilikuwa najiuliza, sasa anavaa viatu namba ngapi. Kumbe hakuvaa viatu kabisa."

Angesema wakati ule. Ulimi ulikuwepo, ukweli ulikuwepo, na mama yake alikuwa anamtazama usoni. Marian akaenda kuchemsha chai.

Kesho yake ndiyo ikaja harufu. Baada ya harufu ikaja sauti, na Marian aliisikia alasiri moja ya Novemba, taa zikiwa zimewashwa mapema, yeye akipiga pasi jikoni: mlio mdogo wa majimaji upande wa pili wa ukuta, wa kunyonya na kupumzika, kunyonya na kupumzika, na katikati yake sauti ya mama yake ikiimba puani wimbo ambao hakuwahi kumwimbia yeye, akaiacha pasi ilivyo, akaenda mpaka mlangoni kwa miguu iliyokuwa inataka kurudi, akaona blauzi ya mama yake imefunguliwa na lile shali limejaa, lina uzito, linavuta, na palipopasa kuwa na uso pana giza lenye unyevu, na giza lile likaacha kunyonya, likamgeukia Marian, likamtazama kwa muda kama linalomfahamu, kisha likarudi kwenye kazi yake.

Jikoni nyuma yake, shati lilianza kuungua.

Bi Avis alikonda. Daktari alisema ni moyo, mzee apumzike. Marian akamwita Kasisi Philippa, mwanamke mnene mwenye mzaha, aliyezoea kuja kwa baiskeli.

"Umenipigia simu bila kulalamikia unyevu wa vitabu vyako," Kasisi alisema mlangoni. "Basi hali ni mbaya."

Aliingia sebuleni na maji ya baraka, akafunga mlango. Marian alisikia sala, kisha kimya, kisha sala tena kwa sauti iliyopanda. Kasisi alipotoka, mzaha ulikuwa umemwisha.

"Kile si mtoto," alinong'ona. "Nimekiuliza jina. Kikasema Lynette. Nimekiuliza jina hilo kimepewa na nani. Kimekutaja wewe. Marian, umefanya nini?"

Marian akakaa kwenye ngazi, akasema yote.

"Umemzika mtu aliye hai," Kasisi alisema. "Umelichimba kaburi ukaliacha tupu. Vitu hivi huzurura vikitafuta pa kuingia, na wewe ukakipa jina na mama wa kukinyonyesha. Sala zangu hazikitoi. Mwenye jina aje alidai, upesi, kabla hakijammaliza mzee."

Marian alikifuta kifo kwenye mti. Akamwandikia Corinne ukweli wote, bila kujitetea. Jumamosi Corinne akashuka kwenye treni, mwanamke wa miaka sitini na mitano, kidevu ni kilekile cha Bi Avis, mkononi ana mkate wa zabibu.

"Nilikuamini," alimwambia Marian mlangoni. "Nilikwenda kanisani nikamwashia yule mtoto mshumaa."

"Nisamehe, dada."

"Tutayaongea baadaye. Yuko wapi?"

Alipiga magoti mbele ya kiti. "Mama. Mimi ndiye Lynette. Sikufa."

Mkono mmoja wa Bi Avis ukaliacha shali, ukamgusa Corinne shavuni, ukashuka mpaka kidevuni. Shali likanywea, likawa bapa mapajani. Harufu ikapungua. Marian, mlangoni, alivuta pumzi akaishikilia, na moyoni akaomba kama hajawahi kuomba.

"Una uso mzuri," Bi Avis alisema kwa upole. "Lakini Lynette wangu alikufa, bibi. Marian ndiye aliyeniambia, na Marian hakosei mambo haya. Uliza kijiji kizima."

"Mama, nilikosea!" Marian akalia. "Nilikudanganya, Mama, ni yeye!"

"Alikufa, kisha akanirudia." Mkono ukaondoka kwenye kidevu, ukarudi kwenye shali, na shali likajaa tena, zito kuliko mwanzo. "Sogea kidogo, bibi mwema. Unamzibia hewa."

Mlio wa kunyonya ukaanza. Corinne akaruka nyuma, akamshika Marian mkono kwa nguvu zote.

"Ni mtoto wa nani yule?" alinong'ona. "Marian, yule ni nani?"

Marian alitafuta uongo mmoja zaidi, wa huruma, wa mwisho. Haukupatikana.

"Ni wewe," akasema.