Bolti ya Nyuma

Glasi mbili ziligongana kabatini, tii, kisha zikatulia. Chiriku alifumbua macho gizani. Hakuhitaji kuchungulia. Mama alikuwa ameiwasha pikipiki nje ya ukuta wa jikoni, na mtetemo wake ulikuwa umepita ukutani mpaka kwenye glasi. Alisikiliza pikipiki ikishuka kichochoroni, kreti za mikate zikigongana nyuma yake, mpaka isisikike tena. Usingizi nao ukaenda zake. Alijigeuza huku, akajigeuza kule, mdogo wake akamwambia kwa sauti ya usingizi kwamba kama amekuwa chapati akageukie jikoni.

Hilo jina la Chiriku hakupewa bure. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua kupumzika. Mwalimu alikuwa amemhamisha dawati mara kadhaa, na kila alipohamishwa alipata mtu mwingine wa kuzungumza naye. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu yeyote.

Kazi ya mama ilikuwa kusambaza mikate kutoka kiwandani hadi kwenye maduka ya mitaani. Jioni moja alirudi akiikokota pikipiki, sketi imejaa oili. Bolti moja kati ya zile zinazoishika injini kwenye fremu ilikuwa imelegea, na injini ikaanza kucheza huku na huku katikati ya barabara. Mama alisimulia kwa kicheko, akasema injini iliomba kushuka kabla ya kituo. Mdogo wake Chiriku alicheka mpaka akapaliwa. Chiriku aliiangalia ile oili kwenye sketi, na chakula kikamshinda.

Fundi wa kona, ambaye watu walimwita Polepole kwa sababu hata mvua haikuweza kumharakisha, alibadilisha ile ya mbele iliyolegea, kisha akazikaza bolti zote. Akamwagiza mama arudi baada ya siku chache zikaguliwe upya. Mama aliitikia, lakini mikate haingoji mtu, na hakurudi. Bolti ya mbele ikalegea tena. Mama akaikaza mwenyewe. Ikalegea.

Shuleni, Chiriku alimuuliza rafiki yake wa dawati moja mtu afanye nini na nati isiyotaka kukaza. Kaka wa rafiki huyo alikuwa na baiskeli, kwa hiyo yeye alijiona bingwa wa vyuma vyote duniani.

"Unaikaza mpaka ilie," alisema. "Isipolia, ongeza."

Basi kila jioni, mama alipokuwa anaoga, Chiriku alichukua spana na kipande cha bomba la maji. Bolti ya mbele aliiachia mama. Yeye alijitwika ile ya nyuma, iliyojificha chini karibu na mnyororo, ambayo mama hakuwahi kuigusa. Alilichomeka bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote mpaka chuma kikalia. Hapo moyo ulitulia kidogo. Lakini akishanawa mikono na kuketi, aliinuka tena kwenda kuitazama.

Ijumaa jioni bolti haikulia. Spana ilizunguka kwa ulaini, kama kisu kinachopita kwenye sabuni. Chiriku akaongeza nguvu, na ulaini ukazidi. Alilirudisha bomba nyuma ya pipa haraka, akaingia ndani. Siku hiyo alikaa kimya mpaka mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi ya Jumamosi mama alimchukua waende pamoja kwa fundi. Tangu walipofika, mama hakukaa. Mzigo wa siku hiyo ulikuwa wa maduka ya juu ya mlima, na kule barabara ni mawe matupu.

"Fundi, bolti gani hizi uliniwekea?" alisema. "Au ulizitoa kwenye pipi?"

Fundi alipiga magoti, akaitoa bolti ya mbele, akaigeuzageuza mkononi. Akasema bolti ni nzima. Iliyochoka ni ile pete ya chuma inayokaa chini ya nati, na hapo kosa ni lake mwenyewe, alirudisha pete ya zamani. Lakini dada naye, akaongeza, angeirudisha pikipiki ikaguliwe kama alivyoambiwa, hilo lingeonekana mapema. Mama akasema sawa, weka pete mpya, niende.

Fundi aliweka. Kisha akaigonga bolti ya nyuma kwa kichwa cha spana, akasema hii ya nyuma haina neno. Mama alikuwa tayari anavaa kofia ngumu.

Chiriku alisimama kwa mguu mmoja, akabadilisha mwingine. Mama akapanda pikipiki, akashika usukani.

"Usiwashe," Chiriku alisema. "Ya nyuma niliiharibu mimi. Nilikuwa naikaza kwa bomba."

Mama aligeuka pole pole. Fundi alirudi chini, akaweka spana kwenye nati ya nyuma, akazungusha kidogo tu kwa vidole. Pakasikika mlio mfupi, na kichwa cha bolti kikaanguka mchangani. Shingo yake ilikuwa imevutika, nyembamba kama msumari.

Mama alishuka. Akaketi juu ya kreti tupu bila kuvua kofia.

Safari hii hakuna aliyemharakisha fundi. Alileta bolti mpya na pete mpya, akazichomeka zote bila kuzikaza, akaitikisa injini mpaka ikakaa vizuri mahali pake. Kisha akakaza hii kidogo, ile kidogo, kwa zamu. Ya mwisho alimpa Chiriku spana, naye akaweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Walipofika mahali fulani, akauzuia.

"Hapa. Umeisikia? Ukipita hapa, hukazi tena, unavuta chuma mpaka kichoke."

Mwishowe alichora mstari mweupe wa rangi, kutoka kwenye kila nati mpaka kwenye fremu. Alimwambia Chiriku kazi yake sasa ni kutazama tu. Mstari ukiachana, nati imezunguka, aje kumwita. Mama naye akaahidi kuileta pikipiki ikaguliwe wiki ijayo, na fundi akamwambia safari hii atamfuata mpaka kiwandani.

Mama alimvuta Chiriku karibu yake, akamfuta oili shavuni kwa ncha ya khanga.

"Sikukasirikii kwa sababu ya bolti," alisema. "Ungenyamaza, ningepanda mlima nayo. Kosa ukilisema, tunalitengeneza. Ukilificha, linakwenda na mimi barabarani. Na ulikuwa unakaza kwa ajili gani, mwanangu? Mbona hukuniambia mimi?"

Chiriku alitazama chini, kisha akamtazama mama usoni.

"Mama, naogopa hutarudi."