Mgomba Ndani ya Sanda

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mvua ya usiku ilikuwa imelibomoa kaburi la Isihaka pale Mkata, na watu walioitwa kulifukia upya wakatimua mbio. Ndani ya sanda hapakuwa na Isihaka. Palikuwa na gogo la mgomba, limeoza, linanuka.

Sajini Mwantumu hakuwa mtu wa kutulia. Alilizunguka kaburi, akalizunguka tena, moyo ukimwambia hapa pana damu. Maiti ililetwa kutoka Bungu miezi mitatu iliyopita, imekwishaoshwa na kuvishwa sanda. Aliyeileta ni Zaidi, mdogo wa marehemu, na ndugu hao walikuwa wakigombania mpaka wa shamba.

"Kaka yako umemweka wapi?" alimuuliza Zaidi.

"Mungu ndiye ajuaye, afande."

"Mungu simwandikii maelezo. Nakuandikia wewe."

Zaidi akainamisha kichwa. Mwantumu akamweka ndani, akaenda kwa mjane.

Alimkuta Hajira uani akimenya mihogo. Alimpa pole, macho yake yakatua kwenye vidole. Vilikuwa na hina, nyeusi, ya juzijuzi tu. Hasira zikampanda sajini. Kumbe ndiyo hayo, mke na shemeji!

Alifika mlangoni akasimama. Kuna kitu kilikuwa kinamkera. Mwenye kuua hahangaiki kutafuta gogo, maana maiti anayo tayari. Anayezika mgomba ni yule aliyekosa mtu wa kuzika. Akarudi uani.

"Dada Hajira, eda yako haijaisha, na mwenye eda hajitii hina. Hina ni ya mume. Wako yuko wapi?"

Kisu kikamdondoka Hajira. "Old Korogwe," alisema, akaanza kulia. "Tusamehe, afande. Ni kwa ajili ya mtoto."

Jioni ile walimkuta Isihaka karibu na mto, anafyatua matofali kwa jina la kuazima. Hakukimbia. Alinawa mikono, akafuata.

Kesho yake kituoni, Mwantumu alimkalisha mbele yake, Zaidi na Hajira pembeni.

"Kwa nini ulijizika?"

"Binti yangu Shamimu alipata chuo, mkopo akanyimwa. Wakasema ana baba, tena mwenye shamba. Shamba la mihogo, afande! Mwenzake yatima akapewa. Nikajiuliza, huu uhai wangu unamfaa nini? Mdogo wangu nikamwapisha asiseme. Nilipokufa, mtoto akapata."

"Naye alijua?"

"Hakujua. Angejua, angelia vipi? Mtendaji wa kijiji alivyomwona analia, aliandika barua kwamba ni yatima, bila kuuliza."

Mwantumu aliweka kalamu chini. Alimhurumia mzee huyu, na alimchukia kwa kumtia katika huruma hiyo.

Mlango ukafunguliwa. Shamimu alikuwa amepanda basi kutoka chuoni mara aliposikia kaburi la baba yake limefukuka. Alisimama, begi bado mgongoni, akamtazama aliyekaa kitini.

"Kila swala nimekuombea rehema," alisema.

Isihaka alifumba macho.

Shamimu akamgeukia sajini. "Na mkopo, afande?"

"Utafutwa, mwanangu. Lazima niandike."

Binti alitikisa kichwa polepole, kama anayehesabu alichobakiwa nacho. Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Isihaka alifungua mdomo. Marahaba haikutoka.